Baraza na Ofisi: Uhusiano wa Watu katika Upitishaji wa Elimu ya Ushairi wa Kiswahili

Katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London, mna mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ujulikanao kwa jina la W. E. Taylor. Ndani yake zimo tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi baina ya mwaka 1776 na 1840 hivi. Msomaji aifunguapo miswada hiyo hukutana na mikono miwili. Mmoja ni wa Taylor mwenyewe, mmishonari Mwingereza, aliyeandika kwa hati za Kirumi na kujaza pambizo kwa maelezo. Wa pili ni wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyeandika kwa hati za Kiarabu. Mkusanyo umepewa jina la mkono wa kwanza. Elimu iliyomo ilitoka katika mkono wa pili.

Aghalabu historia ya uchunguzi wa Kiswahili husimuliwa kama historia ya taasisi: misheni, seminari za lugha za Ulaya, Kamati ya Lugha, kisha vyuo vikuu vyetu. Husimuliwa kwa tarehe za kuundwa kwa vyombo hivyo na kwa orodha ya kamusi na sarufi zilizotolewa. Masimulizi ya namna hiyo si ya uongo, ila yana pengo. Hayaelezi ni kwa njia gani elimu iliyokuwa vifuani mwa watu wa pwani ilivuka ikaingia katika makabati ya taasisi hizo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ilivuka kwa kadiri ya uhusiano uliokuwapo baina ya watu na watu, wala si kwa kadiri ya fedha au mamlaka ya taasisi. Uhusiano ulipokuwa wa mwanafunzi na mwalimu wake, utungo ulivuka pamoja na maana yake. Ulipokuwa wa mnunuzi na muuzaji, ulivuka utungo peke yake. Na ulipokuwa wa waraka wa ofisi, mara nyingi yalivuka maneno tu, yakaachwa nyuma mambo yaliyoyapa maneno hayo uhai.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi elimu hiyo ilivyokaa kwao. Mtu wa Mombasa au Lamu katika karne ya 19 aliyetaka kujua jambo hakuliendea jambo lenyewe, bali alimwendea mtu. Katika elimu ya dini, mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh, na alipokihitimu sheikh alimpa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha, ikitaja ni nani aliyemsomesha sheikh huyo na nani aliyemsomesha yule wa kabla yake. Kitabu kisichokuwa na mnyororo huo wa majina kiliweza kusomwa, lakini usomaji wake haukuaminiwa. Ushairi haukuwa na ijaza ya maandishi, lakini ulipita katika njia zinazofanana na hizo. Ulisomwa barazani kwa watu waliomjua mtunzi au waliomjua mtu aliyemjua. Tungo nyingi za Muyaka ni za malumbano. Zilizaliwa na jambo fulani, vita au fitina au mzaha wa mtaani, na zilielekezwa kwa mtu fulani. Asiyejua kisa cha uadui wa Mombasa na Lamu, ambao kilele chake kilikuwa vita vya Shela mnamo mwaka 1812, huyasoma baadhi ya mashairi hayo kama mafumbo yasiyo na mlango.

Tena hati zenyewe zilimhitaji mtu. Hati za Kiarabu zilivyotumiwa zamani katika kuandika Kiswahili hazikuitenga irabu ya i na ile ya e, wala u na o. Herufi ya ba ilitosha kuwa b, au p, au mb. Kwa hiyo mtu aliyeandika neno bibi na yule aliyeandika neno pembe waliweza kuandika herufi zile zile. Msomaji wa pwani hakubabaika, kwa kuwa aliujua utungo kabla ya kuusoma, na karatasi ilimkumbusha tu. Kwa mgeni mambo yalikuwa kinyume. Aliyenunua mswada bila ya kumpata mtu wa kumsomea alikuwa amenunua nusu ya kitu, na aghalabu hakutambua kuwa amepata nusu.

Taylor alifika Afrika Mashariki mwaka 1880, akakaa Mombasa na katika nchi ya Wagiriama. Mambo mengi yangeweza kumtenga na Mwalimu Sikujua. Alikuwa amekuja kuhubiri Ukristo, na hakuhubiri kwa siri. Alisimama sokoni Mombasa akijadiliana na Waislamu waziwazi. Mwalimu Sikujua alikuwa Mwislamu mwenye elimu na heshima yake, wala hakuna dalili kwamba alibadili neno katika imani yake. Hata hivyo watu hawa wawili waliketi pamoja kwa miaka wakifanya kazi moja. Mwalimu alikusanya tungo za Muyaka kutoka kwa waliozihifadhi, akaziandika, akamweleza Taylor maneno magumu, nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Hapana shaka kila mmoja alikuwa na haja yake. Lakini haja peke yake haielezi wingi na undani wa maelezo yaliyomo katika karatasi zile. Mtu anayefanya kazi ya kibarua hutoa kile alichoulizwa. Mwalimu Sikujua alitoa na yale ambayo Taylor hakujua kuyauliza, na hiyo ndiyo alama ya mwalimu.

Ushahidi mmoja uko katika sauti. Katika Kimvita, paa la nyumba na p'aa wa mwituni si neno moja. La pili hutamkwa kwa mpumuo. Kadhalika kaa la moto na k'aa wa pwani. Kimvita hutenga pia t ya meno na t ya ufizi, jambo ambalo sikio la Mzungu halikulitarajia. Waandishi wengi wa Kizungu wa wakati ule ama hawakuzisikia tofauti hizi ama waliziona kuwa ni udhia usio na faida. Taylor alizisikia na akabuni alama za kuzionyesha. Mwalimu Sikujua naye, kwa upande wake, aliongeza alama katika hati za Kiarabu ili zitenge sauti ambazo hati za kawaida hazikuzitenga. Haifai kudhani kwamba mambo haya mawili yalitokea mbalimbali kwa bahati. Ni matokeo ya watu wawili kusomeana kwa sauti, mmoja akimrudi mwenziwe, siku baada ya siku.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alitoa kitabu chake cha methali za Waswahili, ambacho hadi leo ni mojawapo ya makusanyo bora ya aina yake, na ubora wake uko zaidi katika maelezo kuliko katika hesabu ya methali. Tungo za Muyaka hakuzichapisha kitabu kizima. Taylor alikufa mwaka 1927, na ilikuwa mwaka 1940 ndipo William Hichens alipozitoa huko Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Ilikuwa imepita miaka 100 tangu kufa kwa mtunzi na 50 tangu kufa kwa Mwalimu. Kilichowezesha jambo hilo ni kwamba uhusiano wa watu wawili ulikuwa umekwisha kugeuzwa karatasi kabla ya mmoja wao kuondoka. Kuna wanazuoni wangapi wa zama zile ambao hawakupata wa kuketi nao, au waliopata lakini mwenzao hakuwa na kalamu? Swali hilo halina jibu, ila latosha kutukumbusha kwamba Muyaka tuliye naye leo ni Muyaka wa bahati.

Habari ya diwani hiyo ina mwisho mwema. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizirejea tungo hizo akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979. Katika kitabu hicho tungo zilirudishwa katika mji wake: katika siasa za Wamazrui, biashara ya bandari, na mizaha ya watu waliojuana. Kazi ya namna hiyo isingefanywa na mtu aliyekuwa na miswada ya London tu, wala na mtu aliyekuwa na masikizi ya pwani tu.

Si kwamba Mombasa ilikuwa pekee. Huko Unguja, Edward Steere, aliyetoa sarufi na hadithi zake mwaka 1870, aliwataja kwa majina baadhi ya waliomfundisha, akamsifu hasa kijana mmoja, Hamisi wa Kayi, kwa wepesi wake wa kufahamu mgeni anataka kujua nini. Sifa hiyo yafaa kuangaliwa vizuri. Kujua jambo ni kitu kimoja, na kujua mwenzio amekwama wapi ni kitu kingine, ambacho hakipatikani ila kwa mazoea.

Uhusiano, hata hivyo, si lazima uwe wa haki ili elimu ipite. Mfano wa Berlin waonyesha hivyo kwa uchungu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda huko mwaka 1900 kusomesha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, akiwa chini ya Carl Velten. Mwaka 1903 kilitoka kitabu mashuhuri, Desturi za Wasuaheli, ambacho hakuna mchunguzi wa mila za Mrima asiyekitegemea. Sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro. Kitabu kilijulikana kwa miaka mingi kuwa ni cha Velten. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipojaribu kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pwani. Alirejea Ujerumani, akafundisha pia Hamburg, akafa Berlin mwaka 1927. Taasisi ilimpokea kama chombo cha elimu. Alipohitaji kupokewa kama mtu, milango ilifungwa. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho iliyofanywa na J. W. T. Allen, na kutoka mwaka 1981 baada ya Allen mwenyewe kufariki, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro mahali pake kwenye jalada.

Jambo la majina si la adabu tu. Mchunguzi asiyejua kwamba maelezo fulani ya arusi au ya unyago yametoka kwa mtu wa Bagamoyo, wa ukoo na rika fulani, huyachukua kuwa ni desturi za Waswahili wote kutoka Barawa hadi Kilwa. Jina likifutwa, hufutika na mipaka ya elimu. Wenye ijaza zao walilifahamu hilo zamani.

Lamu ilikuwa na mtu wa aina nyingine. Muhamadi Kijuma, aliyekufa mwaka 1945 akiwa mkongwe, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na mwanamuziki. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi karibu kila Mzungu aliyetafuta tenzi za Kaskazini alipita mkononi mwake. Alice Werner alizuru pwani miaka ya 1911 hadi 1913. Kijuma alimwandikia Utendi wa Liyongo mwaka 1913, na Werner aliyachapisha masimulizi ya Liyongo mwaka 1926, alipokuwa mwalimu katika chuo cha London. Hichens, aliyekuwa amefanya kazi ya serikali huku kabla ya kurudi kwao, aliandikiana naye barua kutoka Uingereza, na kwa njia hiyo zilitoka Utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, kwa ushirikiano na Werner, na Al-Inkishafi mwaka 1939. Ernst Dammann, Mjerumani, alikwenda Lamu mwenyewe mwaka 1936, akakaa na mkewe Ruth wakiandika na kusomewa. Kitabu chake cha tungo za Kiamu kilitoka Hamburg mwaka 1940.

Hapa pana mtu mmoja na wageni watatu, na mchunguzi apata nafasi adimu ya kupima uhusiano mbalimbali kwa mizani moja. Kijuma aliishi kwa kazi ya mikono yake. Alinakili kwa malipo, na si haki kumlaumu kwa hilo. Alikuwa fundi, na fundi humtazama mteja. Aliongeza alama katika herufi za Kiarabu ili Wazungu wasipotee, akapamba kurasa, na mara nyingine alitunga kile kilichotakiwa. Matokeo yake ni kwamba wachunguzi wa leo, wakiwa na mswada wa Kijuma mikononi, hushindwa kusema kwa yakini ni wapi nakala inapokoma na utungo wake mwenyewe unapoanza. Utendi wa Liyongo ndio mfano mkubwa: kisa ni cha kale, beti ni za Kijuma, nazo zilitungwa kwa sababu alikuwapo mtu aliyezihitaji. Uhusiano haukupitisha elimu tu. Uliizalisha, na kuitengeneza kwa umbo la anayeipokea.

Katika kazi hizo tatu, ile ya Dammann ina faida moja ambayo barua za Hichens hazikuwa nayo. Aliyekaa Lamu aliweza kumwuliza Kijuma neno kisha akalisikia likitamkwa, akarudi kesho yake akauliza tena. Hichens, akiwa mbali, alijaza pengo kwa kuandikiana pia na watu wengine, na hasa na Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa, aliyekuja kuwa Liwali wa Pwani. Pamoja na hayo, katika vitabu vyake husikika mara kwa mara sauti ya mtu anayekisia. Makisio yake ni ya mtu mwenye mapenzi makubwa na lugha, lakini yabaki kuwa makisio. Tasnifu ya Mohamed Abou Egl juu ya maisha na kazi za Kijuma, iliyowasilishwa London mwaka 1983, na kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010, vimefungua njia ya kuitazama kazi hii upya, safari hii Kijuma akiwa ndiye mwenye kitabu.

Kuna pia elimu ambayo haikumfikia mgeni yeyote wa kiume. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, na tenzi za namna hiyo zilitunzwa na kunakiliwa na wanawake majumbani. Baraza ni mahali pa wanaume. Uwani hapaingiwi na mgeni ila kwa udugu au kwa kupelekwa na mwanamke mwenziwe. Ndiyo sababu kazi ya Werner ina uzito wa pekee, na ndiyo sababu pia orodha za miswada zilizotengenezwa na wanaume zisichukuliwe kuwa ndizo orodha za miswada iliyokuwapo.

Sasa na itazamwe taasisi iliyoundwa kwa makusudi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao Carl Meinhof alihudhuria, ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mtu wa bidii isiyo kifani. Alitoa Kamusi ya Kiswahili mwaka 1935, ikieleza Kiswahili kwa Kiswahili, na kamusi mbili kubwa za Kiswahili na Kiingereza zilitoka mwaka 1939, miaka 2 baada ya kufa kwake. Kamati ilikuwa na kila kitu ambacho Mwalimu Sikujua na Taylor hawakuwa nacho: bajeti, katibu, jarida, na mamlaka ya kukikubali au kukikataa kitabu kisitumiwe shuleni.

Kilichokosekana ni watu wa kuketi nao. Wajumbe walikuwa maofisa wa elimu na wamishonari, na kazi ilifanywa kwa nyaraka zilizopelekwa kutoka mji hadi mji. Waafrika hawakuanza kuketi katika mikutano yake hadi katikati ya miaka ya 1940, yaani baada ya kanuni za tahajia kuwekwa na kamusi kuchapishwa. Kwa muda wa miaka 15 hivi, lugha ilihukumiwa katika chumba ambacho wenyewe hawakuwamo. Haifai kusema kwamba Johnson na wenziwe hawakuuliza wenyeji. Waliuliza, kila mmoja mahali pake. Lakini kumwuliza karani wako neno fulani, naye akijua kuwa wewe ndiye utakayemwandikia cheti, si sawa na kuketi mbele ya mwalimu anayeweza kukuambia umekosea. Katika hali ya kwanza jibu hufuata swali. Katika hali ya pili jibu laweza kulivunja swali.

Ushahidi wa hasara hiyo umo katika mambo yale yale ya sauti. Mpumuo na tofauti ya t mbili, ambazo Taylor na Mwalimu Sikujua walizitia alama kwa kalamu mbili, hazikupata nafasi katika tahajia sanifu. Sababu za upande wa pili zapaswa kutajwa. Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi, na alama nyingi zingeelemea wachapaji na watoto wa shule wa bara. Ni sababu zenye nguvu, na pengine uamuzi ungekuwa ule ule hata kama watu wa Mvita wangeshauriwa. Lakini uamuzi uliofanywa baada ya kusikia si uamuzi uliofanywa bila kusikia, na manung'uniko ya washairi wa Mombasa na Lamu juu ya Kiswahili cha Kamati, yaliyodumu kizazi kizima, yalitokana na hilo la pili. Kamati ilipowapokea wajumbe kama Shaaban Robert hali ilianza kubadilika, ingawa naye alikuwa mtu wa Tanga, si wa Kaskazini.

Yapo na mambo ya kuhamahama. Ofisi ya Kamati iliondoka Dar es Salaam ikaenda Nairobi, ikahamia Makerere mwaka 1952, ikapitia Mombasa, na mwishowe ikarudi Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Makabati yalihamishika. Jirani wa ofisi, aliyezoea kupita jioni na kurekebisha neno, hakuhamishika. Ofisi iliyokaa Kampala miaka 10 ilikaa mbali na kila baraza.

Mfano mmoja waonyesha tofauti hiyo katika kazi za mtu mmoja. Lyndon Harries alitoa mwaka 1962 kitabu kikubwa cha ushairi wa Kiswahili, kilichotegemea sana miswada ya maktaba. Kitabu kilisaidia wengi, na wajuzi wa baadaye wamekisahihisha mahali pengi. Mwaka 1966 Harries huyo huyo alitoa tungo za Ahmad Nassir bin Juma Bhalo wa Mombasa, mshairi aliyekuwa hai na mwenye kauli. Hapa mtunzi ametajwa kuwa mtunzi, na mfasiri kuwa mfasiri. Miaka 5 baadaye zikatoka tungo nyingine za Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, safari hii mhariri akiwa Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa mji ule ule. Shairi lilikuwa limepata mhariri asiyehitaji kuelezwa baraza ni nini.

Baada ya uhuru mwanachuoni wa pwani alianza kuonekana katika taasisi kwa jina lake, ingawa si mara zote kwa mshahara. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hakuwa na shahada, na elimu ya ushairi aliipata kwanza kwa nyanya yake. Wachunguzi wengi wa Ulaya, Marekani na Kenya yenyewe walipita kwake Mombasa kama walimu wao walivyopita kwa Kijuma. Utenzi wake wa ujenzi wa vyombo vya bahari, Sambo ya Kiwandeo, ulitolewa Leiden mwaka 1979 na Miehe pamoja na Thilo Schadeberg, na jina la Nabhany likawa mbele. Yeye pia ndiye aliyetunga maneno kama runinga na tarakilishi. Huko London, Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, na P. J. L. Frankl walifanya kazi kwa miaka mingi wakitia saini zao pamoja. Miongoni mwa mambo waliyoyashughulikia ni zile alama za hati za Kiarabu za Mombasa, yaani walirudi kwenye meza ya Mwalimu Sikujua miaka 100 baada yake.

Mwaka 1977 kilitoka kitabu cha Historia ya Kiswahili. Waandishi wake wawili wametajwa bega kwa bega: Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mshairi wa ngonjera na kiongozi wa chama cha UKUTA. Mmoja alitoka katika mji unaojihesabu kuwa mama wa ushairi, na wa pili alikijia Kiswahili kutoka bara. Mnyampala alifariki mwaka 1969 na Chiraghdin mwaka 1976, hata hapana aliyekiona kitabu kikiwa kimechapwa. Walimu wa shule za Kenya na Tanzania walikifundishia miaka mingi, na majina yote mawili yamo kwenye jalada.